Matete hayali mavi: kusafisha maji ya banda la nguruwe kwa mimea

Wiki iliyopita nilikuwa Uru, juu ya mji wa Moshi, kwa mama mmoja anayefuga nguruwe 12. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda chake cha kokoto, yaani shimo lililojazwa kokoto na kupandwa matete ili maji ya banda yapite humo yasafishwe, nikang'oa tete moja na mizizi yake, nikamwonyesha. Kokoto zilizotoka nalo zilikuwa nyeusi kama zimemwagiwa oili chafu, zinanuka yai viza. Lakini kila uzi wa mzizi ulikuwa umevaa ala nyembamba ya rangi ya kutu. Mama akainama, akatazama, akauliza: "Mwanangu, mbona mizizi imeshika kutu na mawe yameshika masizi?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo.

Bua la tete ndani lina njia za hewa. Hewa inashuka kutoka majani hadi kwenye mizizi iliyozama, na kidogo yake inavuja nje. Chuma kilichoyeyuka majini kikikutana na oksijeni hiyo kinashika kutu papo hapo, juu ya mzizi wenyewe. Ukisogea milimita chache tu, oksijeni imekwisha. Huko chuma kinaungana na salfaidi, yaani salfa ya mahali pasipo oksijeni, na kuwa cheusi; salfaidi hiyo ndiyo inayonuka yai. Basi kazi yote inafanyika kwenye mpaka wa kutu na masizi. Upande wa kutu kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Upande wa masizi kuna wengine wanaoivunja hiyo naitreti mpaka ikawa gesi ya naitrojeni, ikapanda zake hewani, ambako karibu asilimia 78 ya hewa yote ni gesi hiyo hiyo. Fosforasi haina njia ya kutoroka hivyo: inanasa kwenye mawe na tope, nyingine inaingia kwenye mmea.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama matete yanakula mavi, jibu ni hapana. Wanaokula ni bakteria. Tete ni nyumba yao na bomba lao la hewa, tena bomba jembamba. Ukiwatwisha mzigo kuliko hewa wanayoletewa, kitanda chote kinageuka masizi na mimea inakufa.

Hili nililijifunza kwa hasara. Kitanda changu cha kwanza nilipanda mafunjo mazuri, nikafungulia maji ya banda la nguruwe yaingie moja kwa moja, bila kuchuja chochote. Siku ya kumi ncha zilikuwa za njano, wiki iliyofuata yote kahawia. Amonia ndiyo iliyoyaua. Mkojo wa mnyama una yurea, na yurea ikikaa na mavi inageuka amonia haraka sana. Mimea mingi ya majini huanza kuteseka amonia inapozidi miligramu 200 kwa lita, na maji yanayotoka kwenye banda la nguruwe bila kuchujwa hupita hapo kwa urahisi. Nilirudi kukifukua na kukijenga upya kwa gharama yangu, kwa sababu mfugaji hakuwa na kosa. Tangu siku hiyo nikifika bandani huinama kwanza juu ya mfereji asubuhi, kabla hawajaosha. Macho yakiwasha, sizungumzi habari ya kupanda kitu.

Kinachotangulia ni beleshi. Zoa mavi yakiwa makavu, yapeleke kwenye mboji au kwenye mtambo wa biogesi, ndipo umwage maji. Watu wanapenda kuosha kwa mpira wa maji kwa sababu ni haraka na sakafu inang'aa, lakini hapo umechukua kitu unachoweza kukibeba kwa beleshi ukakigeuza kuwa kitu kisichoshikika. Baada ya beleshi, maji yapite kwenye chemba yenye vyumba viwili ili tope litue chini na povu libaki juu. Arusha na Kilimanjaro tuna bahati: mitambo ya biogesi ya kuba la matofali, ile ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, imejengwa huku tangu miaka ya 1980, na mafundi wanaoijua wapo. Mtambo ukifanya kazi yake, unapunguza sana uchafu unaooza. Amonia lakini haipunguzi, hilo lieleweke. Maji ya biogesi bado ni makali kwa mimea michanga, na lazima yachanganywe na maji safi mwanzoni.

Sasa ukubwa wa kitanda. Hapa ndipo ninapoona fedha za watu zikipotea. Tuchukue nguruwe 12, kila mmoja aoshwe kwa lita 20 kwa siku: lita 240. Fundi anasema maji yakae siku saba, kwa hiyo lita 1,680. Kokoto zina uwazi wa kama asilimia 40, kina cha maji nusu mita. Anapiga hesabu, anapata mita za mraba 8 na nusu hivi. Inaonekana rahisi, hata pembeni ya jiko patatosha.

Hesabu hiyo ni ya maji, na tunachosafisha ni uchafu. Tuseme baada ya chemba kila lita bado inahitaji miligramu 1,500 za oksijeni ili bakteria wamalize kula kilichomo. Zidisha kwa lita 240: gramu 360 kwa siku. Mimi sipendi kukipa kitanda cha matete zaidi ya gramu 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gawanya, unapata mita za mraba 45. Mara tano ya zile za fundi! Kitanda cha mama wa Uru ni mita 3 kwa 15, na kiliwanyima nafasi ya migomba minne, jambo ambalo mumewe alilisema kila nilipofika. Alikuwa na haki ya kulisema.

Ndiyo maana mwenye shamba la kutosha ninamshauri asijenge kabisa. Kama kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, kina migomba na mabingobingo ya kutosha kunywa maji ya chemba bila kutuamisha, yamwagie humo. Naitrojeni ile ni mbolea, na kuirudisha hewani wakati unanunua yurea dukani ni kazi isiyo na maana. Kitanda kinamfaa aliyebanwa: shamba dogo, mifugo mingi, au mteremko unaopeleka kila kitu kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia wa Wachagga, wakati wa masika. Maji ya mfongo wa Uru yana watu chini yake. Yakiingia mto Rau yanakwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, ambako watu wanasimama ndani yake miguu mitupu.

Kwenye uchaguzi wa mimea, matete na mafunjo ndiyo ninayoyaamini. Chukua vipande vya shina la chini vyenye macho, vinne kwa mita ya mraba, panda masika yanapoanza, uvilee kwa maji safi wiki sita kabla ya kuonja maji ya banda. Mwaka mmoja unapita kabla kitanda hakijakomaa. Lemna, yale majani madogo ya kijani yanayotandaza juu ya bwawa kama zulia, yanavutia kwa sababu yanaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache na yana protini nyingi, lakini yanataka maji mepesi; yaweke bwawa la mwisho, nyuma ya matete, na uyavune mara kwa mara. Usipoyavuna, yanazama, yanaoza, na kila ulichokitoa kinarudi majini. Wala usiwarudishie nguruwe hao hao lemna mbichi, kwani unawarudishia vijidudu vya mavi yao.

Magugu maji usiyalete. Najua yanasafisha, najua ni ya bure. Kila mtu aliyeona yalivyofanya Ziwa Victoria anajua yakitoroka hayarudi, na maji yetu yote haya yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani.

Choo cha nyumbani nacho kiwe na njia yake, kisiunganishwe. Mayai ya tegu wa nguruwe yanatoka kwa binadamu, na ukiyachanganya na maji yanayozunguka banda umemfungulia mnyoo mlango. Na kama maji ya kitanda yanatoka kwenda mtoni, unahitaji kibali cha kutiririsha kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapa hapa Moshi. Ule umbali wa mita 60 kutoka kwenye mto, ambao ndani yake sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, unahusu na banda pia.

Kitanda kinapoanza kuzeeka huanzia mdomoni. Utaona maji yamesimama juu ya kokoto pale yanapoingia, badala ya kupita chini, na mbu wanakuja. Wengi hudhani kimekufa chote. Kwa mama wa Uru tulifukua mita moja ya mwanzo tu, debe kama 90 za kokoto. Tope lililozishika lilikuwa laini, limejaa vipande vya pumba. Tukaziosha, maji ya kuoshea tukayamwaga kwenye migomba, tukazirudisha, tukapandikiza matete upya. Chemba yake tuliikuta imejaa tope mpaka kwenye bomba la kutokea. Miezi minane hakuna aliyeifungua. Mumewe sasa ameandika tarehe ya kuizoa kwa chaki ukutani mwa banda, juu ya mlango, pale anapopita na ndoo ya pumba kila asubuhi.