Ini Lina Makovu, Mbona Titi na Nyonga Ndivyo Vinavyouma?

Nina miaka 46, ini limesinyaa kwa homa ya ini B. Tangu mwaka jana matiti yamevimba na yanauma yakiguswa. Naona haya hata kuvua shati. Nageuka mwanamke?

Hapana, kaka. Kila mwanamume ana testosteroni (homoni ya kiume) nyingi na estrojeni (homoni ya kike) kidogo. Ini likijaa makovu, korodani hupunguza kutengeneza testosteroni, na sehemu ya ile iliyopo hugeuzwa kuwa estrojeni. Mizani inalala upande mmoja: titi linakua, nywele za kifua zinapungua, hamu ya tendo la ndoa inashuka.

Lakini kabla ya kulaumu ini, angalia mfuko wako wa dawa. Spironolaktoni, ile ya kupunguza maji tumboni, nayo huizuia testosteroni isifanye kazi. Usiiache mwenyewe, tumbo litajaa tena. Mwambie daktari, anaweza kupunguza dozi au kukupa amiloraidi badala yake. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa damu, upimwe haraka, maana saratani ya titi huwapata wanaume pia.

Mama ana ugonjwa huohuo. Aliteleza bafuni tu, nyonga ikavunjika. Ini na mfupa wapi na wapi?

Pole sana. Vitamini D tunayoipata juani haifanyi kazi hivihivi. Hubadilishwa kwanza kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iusaidie utumbo kufyonza kalisi. Halafu kuna nyongo: vitamini D na K huyeyuka kwenye mafuta, na nyongo isipofika utumboni, sehemu kubwa hutoka na choo. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda juani kutwa nzima na bado akawa na upungufu. Ongeza homoni za uzazi zilizoshuka (mwanamke ambaye hedhi imekatika mapema hupoteza mfupa haraka), misuli iliyokonda, pombe, au prednisoloni (dawa ya steroidi) iliyotumika muda mrefu.

Na sisi ndugu tunachangia. Mgonjwa wa ini anakatazwa nyama, mayai na maharage, anabaki na uji mweupe. Ushauri wa sasa ni kinyume chake: gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 72 hadi 90. Maziwa, mayai, kunde, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ila wasiwe wa chumvi kama tumbo lina maji. Asilale na njaa, ale kitu kabla ya kulala.

Kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, kikisoma -2.5 au chini ya hapo, mifupa imeshakuwa dhaifu. Mama ameshavunjika nyonga kwa kuteleza tu, kwa hiyo matibabu ya mifupa yasingoje mashine. Kama ana mishipa iliyovimba kwenye umio, mkumbushe daktari, kwani baadhi ya vidonge vya mifupa huchubua umio, na ipo dawa inayochomwa kwenye mshipa badala yake.

Nasikia tenofovir, dawa yangu ya homa ya ini B, inakula mifupa. Niache?

Usiache. Aina inayotumika zaidi hupunguza uzito wa mfupa kidogo na inaweza kugusa figo, kwa hiyo figo zipimwe mara kwa mara. Ila virusi vya homa ya ini B vikiachiwa ghafla vinaweza kulipuka na kuliua ini lililochoka. Zipo dawa mbadala, kama entecavir.

Sukari yangu inapanda na kushuka ovyo. Ni kisukari?

Inawezekana. Ini ndiyo ghala ya sukari, likichakaa, sukari hupanda baada ya kula na kushuka usiku. Jihadhari na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu: wengu lililovimba kwa sababu ya ini huharibu chembe nyekundu za damu mapema, na jibu linaweza kuonekana zuri kuliko hali halisi.

Mgongo unaniuma, nameza diklofenaki. Kuna ubaya?

Upo. Kwa mwenye ini lililosinyaa, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuangusha figo na kuleta damu tumboni. Parasetamoli ni salama zaidi, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na kupungua urefu, omba picha ya eksirei. Pingili za uti wa mgongo huvunjika kimyakimya, bila hata kuanguka.