Saratani ya utumbo mpana: inavyoanza na inavyozuilika

Saratani hii huanzia kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana au wa puru, sehemu ya mwisho ambako kinyesi hukaa kabla ya kutoka. Mara nyingi mwanzo wake ni kinyama kidogo kinachoota humo, ambacho madaktari hukiita polipu. Polipu nyingi hazileti madhara. Chache hugeuka saratani, na kugeuka huko kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi, pengine zaidi.

Muda huo mrefu ndio nafasi yetu. Vipimo vingi vya saratani husaidia kuukuta ugonjwa ungali mdogo, lakini hiki cha utumbo kinaweza kuuzuia usitokee kabisa. Katika kolonoskopi, daktari huingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, na akikuta polipu kwa kawaida huikata papo hapo. (Waliopimwa watakwambia kazi ni ile dawa ya kusafisha tumbo, si mrija.) Asiye na hatari ya ziada akikutwa safi, hurudia baada ya miaka 10. Kipo pia kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hicho hurudiwa kila mwaka au miwili, na kikionyesha damu, kolonoskopi hufuata. Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45, maana wenye umri mdogo wanazidi kuugua. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua huanza mapema zaidi.

Sigara, pombe, unene na kukaa tu huongeza hatari. Nyama za kusindikwa, kama soseji, ziliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 katika kundi la visababishi vya saratani.

Kuhusu dalili, tatizo kubwa ni bawasiri: damu ikionekana chooni, lawama zote huangukia huko, ilhali mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kuharisha au kufunga choo kwa wiki kadhaa, kuhisi haja haijaisha, na kukonda bila sababu navyo vinahitaji daktari. Saratani ya upande wa kulia hujificha zaidi. Damu huvuja kidogo kidogo bila kuonekana, mgonjwa anachoka, anapewa vidonge vya kuongeza damu, na hakuna anayeuliza damu hiyo inapotelea wapi.