Joistiki si usukani

Kile kijiti kilicho mwisho wa egemeo la mkono kwenye kiti mwendo cha umeme ndicho joistiki. Ukikisukuma mbele kiti kinakwenda, ukikivuta kinarudi nyuma, ukikilaza pembeni kinageuka. Maana yake imeishia hapo. Linalonikera ni kusikia, tena kwa wanaouza viti hivi, kwamba huo ni "usukani", halafu mnunuzi anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Sasa breki iko wapi?"

Usukani unaelekeza tu. Ukiuachia, gari linaendelea kwenda. Joistiki inaelekeza, inaongeza mwendo na inasimamisha. Wala hakuna gurudumu linalopindwa. Kwa kawaida kuna mota mbili, moja kwa kila gurudumu la kuendeshea, zinazokula umeme wa volti 24 kutoka betri mbili za volti 12. Kugeuka ni gurudumu moja kuzunguka kwa kasi kuliko lenzake, na yale madogo hufuata tu. Ndiyo maana kiti kinaweza kujizungusha papo hapo kilipo. Ndiyo maana pia mtu aliyezoea gari hugonga miimo ya milango siku za mwanzo: kwenye kiti kinachoendeshwa na magurudumu ya nyuma, miguu yake ndiyo inayofagia duara kubwa.

Unavyozidi kukilaza kijiti ndivyo mwendo unavyozidi. Ile sehemu ya kurekebisha kasi, ambayo kwenye viti vingi ina picha ya kobe na sungura, haikimbizi kiti, inaweka kikomo. Ikiwa kwa kobe, hata ukilaza kijiti mpaka mwisho hutavuka hapo. Ndani ya nyumba au kwenye foleni ya benki, weka kobe. Wengi huweka sungura wakijiamini kwamba watagusa kidogo tu, kisha gurudumu linaruka kwenye tuta, mkono unatikisika, kijiti kinasukumwa zaidi ya walivyotaka.

Sasa hiyo breki. Kukiachia kijiti kirudi katikati ndiko kufunga breki. Kwanza mota zenyewe hupunguza mwendo, kisha kiti kikisimama unasikia "tik": breki za sumaku-umeme zimebana. Na hizi watu wanazielewa kinyumenyume kabisa. Wanadhani umeme ndio unaozibana, kwa hiyo betri ikiisha mlimani kiti kitaserereka. La. Inayobana ni springi. Umeme kazi yake ni kuzifungua. Umeme ukikatika, zinabana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usizime swichi kiti kikiwa kwenye mwendo, isipokuwa kimegoma kusimama. Kitakwama ghafla, na aliyekaa bila mkanda ataendelea na safari peke yake. Zima kikiwa kimeshatulia, hasa unapohamia kitandani au kwenye gari, maana kiwiko kikigusa kijiti au pindo la kanga likikinasa, kiti kitaondoka.

Mahali ambapo kiti kweli hukosa breki ni pale kwenye wenzo mdogo ulio kwenye kila mota. Kwa lugha ya madereva, ukiugeuza umeweka kiti fri. Umewekwa ili kiti kiweze kusukumwa betri ikiisha au kikiharibika, tena kwenye ardhi tambarare. Vijana wenye nia njema huugeuza juu kabisa ya njia ya mteremko ya kituo cha mwendokasi, wakisema "tunatoa breki tumshushe polepole". Hapo wamebaki na mzigo ambao, kiti, betri na mtu kwa pamoja, unaweza kuzidi kilo 150, na mikono yao ndiyo breki iliyobaki. Aliyekaa naye hana la kufanya: kwenye viti vingi, wenzo ukishageuzwa joistiki haiitiki tena.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkimkuta mtu amesimama katikati ya mteremko na mkono ameutoa kwenye kijiti, tayari amefunga breki. Mwulizeni kama anahitaji msaada, na akisema hapana, mpisheni ashuke mwenyewe.