Je, karatasi ya nukta inatosha kumfundisha mtoto mwandiko wa kuunganisha?

Kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, mzazi anaweza kuprintisha karatasi yenye maneno ya nukta nukta ili mtoto wa darasa la kwanza afuatishe kwa penseli. Wengi huamini kwamba fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) nzuri ikipatikana, mwandiko wa kuunganisha herufi utakuja wenyewe. Inaeleweka: karatasi ikijaa, kazi inaonekana imefanyika.

Ila fonti huonyesha umbo la herufi iliyokwisha kuandikwa. Kwa kawaida haionyeshi mkono unaanzia wapi wala unaelekea upande gani, na kwenye mwandiko wa kuunganisha hilo ndilo jambo kubwa. Mtoto anaweza kuzungusha "a" kinyumenyume, akapita juu ya kila nukta, na karatasi ikatoka safi kabisa. Shida itajitokeza atakapotaka kuiunga na herufi inayofuata.

Fonti zenyewe hazilingani. Andika "mboga" kwenye kompyuta kwa fonti ya kuunganisha, kisha ukuze maandishi. Herufi kama "o", "v" na "w" kwa kawaida huungwa kutokea juu, si kwenye mstari wa chini. Kwenye fonti hafifu muungo wa "o" hukatika kabla ya kufika "g". Iliyotengenezwa vizuri hubadilisha muungo kulingana na herufi jirani.

Kwa mtoto, afuatishe neno mara chache huku ukitazama ncha ya penseli, kisha geuza karatasi aliandike bila nukta. Akikwama kwenye "o", mwandikie polepole akiona, naye aandike chini yake.