Mafuta ya Bonde la Albert hayako kwenye dimbwi

Tangu mafuta yathibitishwe Uganda mwaka 2006, wengi tumeamini kwamba chini ya Hoima na Buliisa kuna ziwa jeusi linalongoja kuchotwa. Inaeleweka, maana neno "kisima" lenyewe hutuletea picha ya maji. Kumbe mafuta yamejificha kwenye vitundu vidogo mno kati ya chembe za mwamba. Jaribu nyumbani: jaza kikombe mchanga mkavu, kisha mimina maji polepole. Yataingia mengi kabla hayajafika juu. Ndiyo maana huchimbwa visima vingi, na bado sehemu kubwa ya mafuta hubaki mwambani. Tena haya yetu yana nta nyingi, yakipoa huganda. Bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa moto.