Kuombea Walio Vitani: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Jioni moja kikundi chetu cha maombi kilikuwa kinaombea nchi iliyokuwa imeingia vitani. Tuliomba kama tulivyozoea: Bwana lete amani, Bwana nyamazisha silaha, Bwana wape viongozi hekima. Zamu ilipomfikia mama mmoja aliyewahi kukimbia vita akiwa na watoto wawili wadogo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana, mvua isinyeshe usiku wa leo." Akaketi. Tulipomaliza akatueleza kwamba wanaokimbia hulala nje, na mtoto akilowa usiku kucha, kunakucha ana homa, na huko njiani homa ya mtoto haina dawa. Sisi wengine tulikuwa tumeombea ramani. Yeye alimwombea mtoto aliyelala chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini yanayosemwa kuhusu maombi wakati wa vita, ndani ya kanisa na nje yake. Mengi hayana msingi, na baadhi yanaumiza watu ambao tayari wameumia.

Dhana: "Maombi ni kisingizio cha kukaa bila kufanya kitu"

Anayesema hivi mara nyingi ana sababu. Ameona ujumbe wa "tunawaombea" ukitumwa na watu ambao baada ya hapo hawakuuliza tena habari za waliowaombea. Yakobo aliwaona watu wa namna hiyo mapema kabisa: mtu anamwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, akaote moto na kushiba, na hampi chochote. Yafaa nini, anauliza Yakobo. Kwa hiyo lawama hii imo ndani ya Biblia yenyewe, na Mkristo hana haja ya kuikasirikia.

Lakini ukifuata maombi yenyewe katika Maandiko utaona yanamsukuma mtu mlangoni. Nehemia alipopata habari za Yerusalemu iliyobomolewa, alilia, akafunga, akaomba siku nyingi, kisha akaenda kwa mfalme kuomba ruhusa, barua za njia na miti ya kujengea. Adui walipotishia kuvamia, watu wake walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku; yote mawili yametajwa kwa pumzi moja. Kule Antiokia, nabii Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi walichanga, kila mtu kwa kadiri ya alichokuwa nacho, wakapeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Na haya hayakuishia nyakati za Biblia. Liberia, mwaka 2003, wanawake wa Kikristo waliokuwa wakikutana kuomba waliungana na wanawake wa Kiislamu, wakavaa nyeupe, wakakaa siku baada ya siku karibu na soko la samaki jijini Monrovia, juani na mvuani, wakisali na kuimba mahali ambapo msafara wa Rais Charles Taylor ungewaona. Leymah Gbowee, aliyewaongoza, alikwenda na baadhi yao hadi Accra kwenye mazungumzo ya amani. Mazungumzo yalipokuwa yanasuasua, wakaketi sakafuni mlangoni mwa ukumbi wakawazuia wajumbe wasitoke. Mkataba ulitiwa saini tarehe 18 Agosti mwaka huohuo. Sidai kwamba ni maombi peke yake yaliyofanya kazi. Mapigano yalikuwa yamefika jijini na shinikizo la kimataifa lilikuwa kubwa. Ninachosema ni kwamba wanawake wale hawakuona mpaka kati ya kupiga magoti na kuziba mlango.

Mwaka huohuo kaskazini mwa Uganda, maelfu ya watoto walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala Gulu mjini wasije wakatekwa na waasi wa kundi la Lord's Resistance Army (LRA). Walilala varandani, kwenye kituo cha mabasi, popote palipokuwa na taa. Viongozi wa dini, akiwemo Askofu Mkuu John Baptist Odama, walichukua vitu vyao vya kulalia wakaenda kulala nje pamoja nao kwa siku nne. Ukitaka kujua maombezi ni nini, nadhani ni hicho: kwenda kusimama alipo yule unayemwombea, hata kama huna cha kumpa zaidi ya kuonekana uko naye. Kulala kwao pale kuliwafanya wengi walio mbali waanze kuuliza habari za wale watoto.

Dhana: "Mwenye imani halalamiki mbele za Mungu"

Hii huwanyamazisha waliofiwa. Mtu amepoteza watoto kwa bomu, anaambiwa ashukuru kwa kila jambo. Anaona aibu kulia kwenye ibada, anaacha kuja.

Ukweli ni kwamba kitabu cha Zaburi, ambacho kimekuwa kitabu cha sala cha Wayahudi na Wakristo kwa karne nyingi, kimejaa malalamiko. Karibu theluthi moja ya zaburi zake ni za maombolezo. Nyingi huishia kwa tumaini. Zaburi ya 88 haiishii hivyo, neno lake la mwisho ni giza, na hakuna aliyeiondoa. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kumuuliza Mungu, "Nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alichukua maneno ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Kama Mwana aliruhusiwa kuuliza, mama wa kambini ataruhusiwa.

Kuna zaburi zinazokwenda mbali zaidi, zikiomba kisasi. Mwisho wa Zaburi ya 137 unatisha kuusoma kwa sauti. Mimi siuombi kama ulivyo. Lakini nimejifunza kutomkemea aliyetoka vitani akiwa na hasira ya namna hiyo, maana ameipeleka mahali salama kuliko mkononi mwake.

Dhana: "Mungu yuko upande wetu, kwa hiyo tunaomba tushinde"

Yoshua aliuliza swali hilo akiwa karibu na Yeriko. Alimwona mtu amesimama na upanga uliofutwa, akamuuliza: uko upande wetu au wa adui zetu? Jibu lilikuwa, "La." Alikuwa amiri wa jeshi la Bwana, na ni Yoshua aliyetakiwa avue viatu.

Majeshi hayakulisikia jibu hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Ujerumani walivaa mikanda yenye maandishi "Mungu yuko pamoja nasi", na ng'ambo ya handaki Waingereza walikuwa na makasisi wao wakiwaombea ushindi. Abraham Lincoln alilisema vizuri tarehe 4 Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni: pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukiomba msaada wake dhidi ya mwenzake, na maombi ya pande zote mbili hayawezi kujibiwa.

Je, basi Mkristo asiwe na msimamo wowote? Hapana. Mwenye kuvamia ni mvamizi, na anayeua raia anaua raia. Sala isiyoweza kusema hivyo ni woga uliovaa joho. Manabii walitaja dhuluma kwa jina. Ila Yesu aliagiza kuwaombea wanaotuudhi, na agizo hilo halina tarehe ya kuanza baada ya vita kwisha.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Coventry, Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo mabomu, na kanisa kuu likateketea, zikabaki kuta na mnara. Mihimili miwili ya paa iliyoungua ilifungwa pamoja ikawa msalaba. Misumari mitatu ya kale, iliyokuwa imeshikilia lile paa kwa karne nyingi, ikaunganishwa ikawa msalaba mwingine. Mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alitaka ukutani nyuma ya altare ya magofu yaandikwe maneno mawili tu: "Baba, samehe." Hakuandika "uwasamehe". Aliliacha neno "wa" kwa makusudi, kwa sababu lingewaweka Wajerumani upande mmoja na waombaji upande wa pili, wakati wote walihitaji kusamehewa. Mwaka 1958 ikatungwa litania ya upatanisho, ambayo kila Ijumaa saa sita mchana husaliwa palepale kwenye magofu. Inataja chuki ya taifa kwa taifa, tamaa, wivu, na kutojali mateso ya wakimbizi, na kila kifungu kinaitikiwa kwa maneno yaleyale mawili.

Dhana: "Vita ni adhabu, waliopigwa wana dhambi yao"

Yesu alipelekewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, akaongeza mwenyewe habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine. "Nawaambia, Sivyo." Akawageuzia waliosimama pale wito wa kutubu. Sioni la kuongeza.

Dhana: "Ombi la dharura halihitaji kuhakikishwa, sambaza tu"

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hata mimi nimesambaza. Kwa miaka mingi umezunguka ujumbe unaosema wamisionari 22 watauawa kesho Afghanistan, tafadhali ombeni na mtume kwa wengine. Kesho hiyo haifiki. Ujumbe hauna tarehe, hauna jina la shirika, na kila baada ya muda unafufuka.

Ubaya wake ni kwamba nyuma yake kuna watu wa kweli. Mwezi Julai 2007, Wakristo 23 wa kujitolea kutoka Korea Kusini walitekwa na Taliban nchini Afghanistan. Wawili waliuawa, waliobaki wakaachiliwa kufikia mwisho wa Agosti. Watu hao waliombewa kwa machozi, na walistahili. Uvumi unaofanana na kisa chao unaifanya huzuni ile iwe kelele ya kwenye simu, na siku ombi la kweli litakapofika, aliyeshadanganywa mara tatu atalipita.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hatuifikirii. Ukisambaza jina la mchungaji aliyejificha, picha ya nyumba wanayokutania waumini, au njia wanayopitia wakimbizi, umewapa pia wanaowasaka. Mungu anamjua yule mtu bila picha. Kama chanzo cha habari hakijulikani, ombea nchi ile, ombea waliotekwa popote walipo, na kidole kiache kitufe cha kusambaza.

Dhana: "Msaada wa Kikristo lazima uambatane na sala, la sivyo ni kazi ya kidunia"

Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni za mwenendo wakati wa majanga. Pamoja na Shirika la Msalaba Mwekundu walikuwemo Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani, yaani vyombo vya makanisa yenyewe. Moja ya kanuni hizo inasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini, na nyingine kwamba hutolewa kwa kuangalia uhitaji peke yake. Mwenye njaa asilazimike kulipia chakula kwa "amina". Akiomba mwenyewe aombewe, hilo ni jambo lingine, na ni heshima kuitwa. Msamaria alifunga jeraha, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akalipa gharama za nyumba ya wageni, na hatuambiwi kwamba alimuuliza anaabudu wapi.

Dhana: "Sala ya amani ni ya Fransisko wa Asizi"

Ile inayoanza kwa kumwomba Bwana anifanye chombo cha amani yake. Fransisko alifariki mwaka 1226, na sala hiyo haijulikani kabla ya mwaka 1912, ilipochapishwa kwa Kifaransa katika jarida dogo la kidini mjini Paris, bila jina la mtunzi. Ilienea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwangu haipungui kitu kwa hilo. Mtu asiyejulikana aliiandika, na miaka miwili baadaye Ulaya nzima ikawa inaihitaji.

Dhana: "Vita visipokoma, imani yetu ilikuwa ndogo"

Hili ndilo gumu, na sitajifanya nina jibu lote. Najua kwamba huko Gethsemane Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka, na hakuna atakayesema imani yake ilikuwa haba. Najua Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kumbe hata kukosa maneno mbele ya picha za watoto waliochimbuliwa kwenye vifusi ni sala ambayo Mtu mwingine ameshaanza kuisali.

Yule mama wa kikundi chetu nilimuuliza siku moja, baada ya kuzoeana, kama mvua aliyoiombea miaka ile alipokuwa njiani ilizuiliwa.

"Ilinyesha," akasema. "Tulishika shuka juu ya watoto, mimi upande huu, na mwanamke nisiyemjua upande ule, mpaka kukakucha. Kesho yake jioni tukaomba tena, wote wawili."

Ndiyo sababu mwaka huu kikundi kinapokutana huwa kuna sanduku lenye maturubai karibu na mlango, na mama huyo ndiye anayeyahesabu.