Kurudi michezoni baada ya kubadilishiwa nyonga: maana yake hasa

Aliyebadilishiwa nyonga akimuuliza daktari "nitacheza tena lini?", husubiri kutajiwa mwezi. Miezi hutajwa, lakini dhana yenyewe ni pana kuliko kalenda.

Katika upasuaji huu, kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika hukatwa, na mahali pake huwekwa tufe la chuma au kauri lenye mkia unaozamishwa ndani ya mfupa. Upande wa pili huwekwa kikombe chenye bitana, mara nyingi ya plastiki ngumu, na tufe huzunguka humo. Wazo la chuma kuzunguka ndani ya plastiki lilishika mizizi kutokana na kazi ya daktari John Charnley huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa hiyo anayerudi uwanjani ana vitu viwili mwilini. Kimoja hupona: kidonda, misuli, na mfupa unaoota hadi ukashikamana na chuma, kama hakikubandikwa kwa saruji maalumu. Kingine hakiponi. Bitana ikishalika, imelika.

Tena bitana haina mishipa ya fahamu, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kabla ya upasuaji, maumivu ndiyo yaliyokuwa yakikwambia simama. Sasa unaweza kukimbia kilomita 10 na kiungo kisikwambie lolote, huku chembe ndogo mno za plastiki zikimeguka. Mwili huzishambulia kama adui, na katika vita hivyo mfupa ulio jirani huliwa hadi kiungo kikalegea. Hilo huchukua miaka. "Siumwi" ni habari njema ya misuli. Kuhusu bitana haisemi kitu. Plastiki za siku hizi hulika polepole zaidi kuliko za zamani, ndiyo maana baadhi ya madaktari wamelegeza msimamo kuhusu kukimbia. Wengine bado hawataki hata kusikia.

Wiki 6 za mwanzo hasa ni za kutembea, kwa magongo kwanza. Kutegemea upande daktari alikopitia, unaweza kukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90 au kupishanisha miguu, kwani kiungo kinaweza kuteguka. Baiskeli ya mazoezi huja mapema, kiti kikiwa juu. Kuogelea husubiri kidonda kifunge kabisa, na teke la chura husubiri zaidi. Gofu au tenisi ya wawili wawili, wengi huziendea kati ya mwezi wa 3 na wa 6.

Kuna kipimo kidogo ninachokiamini kuliko kalenda. Simama mbele ya kioo kwa mguu uliofanyiwa upasuaji, ukiwa na kitu cha kushika karibu. Kiuno cha upande wa pili kikishuka, misuli ya pembeni ya nyonga bado haijawa tayari, hata kama unatembea vizuri. Mtaalamu wa fiziotherapia huliona hilo mara moja.

Jambo jingine ni kuanguka. Mfupa ukivunjika kando ya ule mkia wa chuma, kuurekebisha ni kazi nzito. Ndiyo sababu mzoefu wa kuteleza kwenye theluji huenda akaruhusiwa kurudi, na anayetaka kujifunza upya akazuiwa.

Wanaomtaja Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza, wakumbuke kwamba hakubadilishiwa nyonga nzima. Januari 2019 kichwa cha paja lake kilivishwa kofia ya chuma, mfupa wake mwingi ukabaki, na Oktoba mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa mashindano ya Antwerp, Ubelgiji. Mfano wa nyonga nzima ni Tom Watson, mcheza gofu wa Marekani: alibadilishiwa mwaka 2008, na Julai 2009, akiwa na miaka 59, alifika hadi mashimo ya nyongeza ya kuamua bingwa wa mashindano ya gofu ya British Open kule Turnberry, Scotland, akashindwa na Stewart Cink. Lakini huo ni mchezo wa kutembea na kuzungusha kiuno. Hakuna wa kukukwatua.